Mtoto Akienda Uganda Likizo ya Aprili

Shule zinafungwa, na huenda mwanao anasafiri na wanafunzi wenzake hadi Uganda. Safari ni njema, lakini Aprili ni mwezi wa mvua, na mbu ni wengi.

Mtoto aliyelelewa sehemu za baridi kama Limuru au Nyeri hana kinga ya malaria. Akiambukizwa, anaweza kuzidiwa upesi.

Mapema kabla ya safari, mpeleke kwa daktari apewe dawa ya kuzuia malaria. Aimalize kama alivyoagizwa, hata akiwa amerudi nyumbani. Chanjo ya homa ya manjano adungwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na cheti asikiache. Mfungie pia chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu za kuvaa jioni.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Malaria haijitokezi siku ile mbu anapouma. Mara nyingi dalili huanza baada ya siku 10 hadi 15, na wakati mwingine hukawia zaidi. Mwanao atakuwa amesharudi, na pengine shule imefunguliwa. Akishikwa na homa, baridi, kuumwa na kichwa au kutapika, usimpe dawa ya maumivu ukangoja kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe damu. Mwambie daktari bila kuulizwa: "Mtoto huyu alikuwa Uganda." Na kama analala bwenini, mwarifu matroni mapema.

Kwaheri, mama. Tumtakie mtoto safari njema.