Wimbo Una Mwenyewe

Mada kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa kwaya, Mbuba, Jimbo la Rulenge-Ngara



Tumezoea kwamba Tume ya Haki na Amani inapoitisha semina huzungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, au mateso ya wakimbizi waliomiminika katika wilaya yetu mwaka 1994. Leo tumeombwa tuzungumzie nyimbo, na namna zinavyosambazwa bure kwa njia ya mtandao. Huenda wengine wakaona kwamba tumeacha mambo mazito na kugeukia burudani. Sivyo. Wimbo nao ni shamba: kuna aliyelilima na kuna anayelivuna, na siku hizi mara nyingi hao si mtu mmoja.

Kunakili nyimbo si jambo jipya. Wazee waliomo humu wanakumbuka enzi za kaseti. Mtu aliazima kanda ya kwaya kwa jirani, akatafuta redio ya deki mbili, akarudufu. Lakini kanda ilikuwa na breki yake yenyewe: kutoa nakala moja kulichukua muda mrefu, na nakala ya nakala ilikwaruza hata sauti ya kwanza isitambulike. Breki hiyo imeondoka. Katika miaka ya 1990 wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walikamilisha njia ya kubana sauti iitwayo MP3, ambayo hupunguza wimbo hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Wimbo wa dakika 4 huchukua megabaiti 4 hivi. Basi kadi ya simu ya gigabaiti 4, iliyo ndogo kama ukucha, hubeba nyimbo zipatazo 1,000. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Shawn Fanning, alitoa programu ya Napster, iliyowawezesha watu wasiojuana kupeana nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Mwaka 2001 ilifungwa kwa nguvu ya mahakama, lakini watu walikuwa wamekwisha kuonja.

Vijijini kwetu mambo hayo hayakuingia kwa kompyuta ya nyumbani, bali kwa kibanda cha sokoni. Kijana ana kompyuta moja na spika mlangoni. Unampa simu au flashi, unamlipa kidogo, anakujazia nyimbo, za dini na za dunia zikiwa zimechanganyika. Naye amezipakua kutoka kurasa za mtandao zinazozitoa bure.

Tuiulize biashara hii swali ambalo Tume huiuliza biashara yoyote: fedha inaingia mfukoni mwa nani? Kijana wa kibandani anapata chake, tena kidogo, na umeme analipia mwenyewe. Mwenye ukurasa uliotoa wimbo analipwa na watangazaji kwa kadiri ya watu wanaoufungua. Kampuni ya simu imeuza bando. Aliyeuza kadi ameuza kadi. Mtunzi na waimbaji, ambao bila wao hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye angekuwa na cha kuuza siku hiyo, ndio peke yao wanaorudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo husikika sauti ikisema: lakini huu ni wimbo wa Mungu, mbona mnadai fedha? Tujibu kwa upole ila bila kutafuna maneno. Sadaka hutolewa na mwenye mali. Mtu akimchukua mbuzi wa jirani akampeleka altareni, hajatoa sadaka. Mtunzi akitaka kuutoa wimbo wake bure kwa ajili ya ibada, na wengi wametoa, huo ni ukarimu wake. Hakuna awezaye kuwa mkarimu kwa niaba yake.

Tuichukue kwaya yoyote ya kigango. Wanakwaya ni wakulima, walimu, akina mama wauza ndizi. Huchanga kwa miezi, hufanya harambee, husafiri hadi studio mjini, hulala sakafuni katika ukumbi wa parokia ya wenyeji, humlipa fundi mitambo, mpiga kinanda na mpiga picha. Albamu huzinduliwa Jumapili kwa shangwe. Kabla ya Jumapili ya pili nyimbo zimo katika kila simu, na deni la gari limebaki kwa mwekahazina.

Hapa yatupasa kusema jambo lisilowapendeza wanakwaya. Kwaya hiyo inayolia kuibiwa, imerekodi nyimbo za nani? Nyingi zilitungwa na watu wa mbali. Nota zake zilitolewa kivuli mara kumi, au zilichukuliwa katika tovuti ya Swahili Music Notes, ambayo imekusanya maelfu ya nyimbo za Kanisa na kuwafaa sana walimu wa kwaya wa vijijini. Kuuchukua wimbo humo ili kuuimba katika Misa ni jambo moja. Kuupeleka studio, kuuza albamu na kuuweka YouTube bila kumuuliza aliyeutunga ni jambo jingine. Na penye jina lake huandikwa «mtunzi hajulikani», wakati mwingine kwa sababu tu kona ya karatasi ilikatika wakati wa kutoa kivuli!

Jina si jambo dogo. Wimbo «Malaika», ambao dunia iliusikia kwa sauti ya Miriam Makeba, una ubishi mpaka leo: wapo wanaomtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi, na wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Na Solomon Linda wa Afrika Kusini aliurekodi wimbo wake «Mbube» mwaka 1939, ukazunguka dunia kwa maneno ya Kiingereza, naye akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifikia suluhu mwaka 2006, baada ya kufungua kesi. Miaka 44 tangu kifo chake! Tume inayotetea urithi wa wajane wa Ngara haiwezi kulipita jambo hilo kimya.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Tangu Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, Kanisa limefundisha kwamba ujira wa haki ni deni, si fadhila. Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus ya mwaka 1991, aliongeza kwamba siku hizi ujuzi na maarifa ni mali isiyopungukiwa umuhimu kuliko ardhi. Nalo Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 27, linaweka mambo mawili pamoja: kila mtu ana haki ya kushiriki na kufurahia utamaduni wa jamii yake, na kila mtunzi ana haki ya kulindiwa kazi yake.

Tuyashike yote mawili. Mama mgonjwa anayeletewa wimbo katika simu ya mjukuu wake hajamwibia mtu, wala jumuiya inayojifunza wimbo kwa kuusikiliza. Maskini ana haki ya kuimba. Tunachokikataa ni faida inayozunguka kwa wote isipokuwa kwa aliyetoa jasho.

Sheria ya nchi ipo. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilivyotungwa ililinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Chombo chake, COSOTA, kiligeuzwa mwaka 2022 kuwa Ofisi ya Hakimiliki, na mwaka huohuo ikawekwa tozo ya asilimia 1.5 kwenye baadhi ya vifaa vya kurekodi na kuhifadhi sauti na picha. Lakini mirabaha haimtafuti asiyejulikana. Kwaya isiyosajili kazi zake isitarajie kuitwa.

Kijana wa kibandani naye ni mwamini wetu. Amebatizwa katika kisima kilekile. Badala ya kumtishia polisi, kwaya imkabidhi nyimbo zake yenyewe, aziuze, wagawane. Atakuwa na nakala safi, nao watakuwa na wakala sokoni. Kwa upande wa watunzi, kila kwaya itakayokwenda studio impigie mtunzi simu kabla ya kukodi gari, na fungu lake liandikwe katika bajeti juu ya nauli na chakula. Fungu hilo liwe kiasi gani? Kwaya ya kigango haina uwezo wa kwaya ya mjini, na hatutaki kutaja kiwango ambacho kitavunjwa kabla ya Kwaresima. Tunaomba Halmashauri ilijadili na walimu wa kwaya, jibu liandikwe katika muhtasari wa kikao, na kila mwalimu aje siku hiyo na daftari lake la nyimbo, majina ya watunzi yakiwa yamejazwa.