Nawe Umo Kwenye Ugomvi wa Nyumbani

Wa Dallas, wa Leeds, wa Doha. Leo nasema na wenye kwao Migori na Homa Bay.

Simu inalia usiku wa manane. Ni nyanya, yuko Ndhiwa: "Mtoto wako amenishinda." Binti wa sekondari hasemi na mtu, mjomba anataka apelekwe shule ya bweni, nawe unatuma karo. Unadhani umesaidia. Kumbe umeshachagua upande.

Tumezoea kijana kuketishwa katikati, wazee wamemzunguka, kila mmoja ana kosa la kumtajia. Mshauri wa familia hatafuti mkosaji. Anatazama mzunguko: nyanya akifoka, binti ananyamaza, binti akinyamaza, nyanya anafoka zaidi, kisha anakupigia, nawe unafoka kutoka mbali. Kinachotibiwa ni huo mzunguko.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Muhuru Bay, kule Migori karibu na mpaka wa Tanzania, kuketisha familia pamoja kulijaribiwa makanisani. Mpango uliitwa READY: makanisa 4, familia 124, vikao 9, wazazi na vijana wakizungumzia pesa, hisia na Ukimwi, zile mada ambazo zikitajwa mzazi wetu hukohoa, akauliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Matokeo yalichapishwa 2016. Miezi mitatu baada ya vikao, mazungumzo nyumbani yalikuwa bora. Afya ya akili ya vijana haikuonyesha badiliko, na watafiti walilisema wazi. Hilo lilinifanya niwaamini. Baadaye mmoja wao, Eve Puffer wa Chuo Kikuu cha Duke, na wenzake wakaanzisha Tuko Pamoja huko Eldoret, ambapo watu wa kawaida wanaoaminika mtaani hufunzwa kushauri familia moja moja.

Basi ukipata mshauri, omba uwemo kikaoni kwa simu ya video. Pesa zitajwe mbele ya wote: ni kiasi gani, zinapitia kwa nani, binti anajua nini kuzihusu. Mzee wa boma aonwe kwanza, peke yake. Najua wengine mtaguna, lakini mzee aliyeshtukizwa hufunga kikao kabla binti hajafungua mdomo.

Ila kukiwa na kipigo au unajisi, usiitishe kikao cha pamoja. Mtoto hawezi kusema ukweli mbele ya anayemuumiza. Aliye nyumbani apige 116, ya watoto, au 1195, ya dhuluma za kijinsia. Zote ni bure.