MTAMBO ULIO MALI YA WOTE
Hotuba ya Katibu katika Mkutano wa Sherehe ya Miaka 10

Bwana Mwenyekiti, Wajumbe wa Halmashauri, nanyi Ndugu Wakulima,

Katika miaka 10 ya umoja wetu macho yetu yamezoea mzani, ghala na magunia. Lakini chama kina mtumishi mwingine asiyeonekana na wengi: ile kompyuta iliyomo chumba cha nyuma cha ofisi, iitwayo seva. Humo zimetunzwa hesabu za kila kilo iliyopimwa na kila shilingi anayostahili mwanachama. Daftari hiyo ikipotea, jasho la msimu mzima halina shahidi.

Seva haifanyi kazi pasipo programu kuu ya kuiongoza. Sisi twatumia iitwayo Debian. Ilianzishwa na Ian Murdock mwezi wa Agosti 1993, na hujengwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Hao wana katiba yao, na kila mwaka humchagua kiongozi kwa kura. Si mali ya kampuni yo yote. Kila mtu aweza kuitumia, kuichungua ndani, kuibadili na kumgawia jirani, wala halipi ada. Je, huo si ushirika?

Wako waliouliza kwa haki: kitu cha bure kitadumu? Twajibu kwa mfano. Programu nyingine ya namna hiyo, CentOS, nayo ilianzishwa na watu wa kujitolea, lakini tangu 2014 ilikuwa mikononi mwa kampuni. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba toleo la 8, lililotazamiwa kutunzwa hata 2029, lingekoma mwisho wa 2021. Lakini kwa kuwa maandishi yake ya ndani yalikuwa wazi kwa wote, watu walijikusanya wakajenga nyingine, AlmaLinux na Rocky Linux, zikatolewa mwaka ule ule wa 2021. Basi yafaa kuuliza daima ni nani mwenye neno la mwisho. Tena tujue kwamba kilicho wazi hakifi kwa amri ya mtu mmoja.

Hata hivyo, tusidanganyane. Shamba la urithi halinunuliwi, lakini lisipopaliliwa huota magugu. Kila toleo la Debian hutunzwa kwa muda wa miaka 5 hivi, kisha hapana budi kuhamia jipya. Marekebisho ya usalama lazima yawekwe mara yatokapo. Nakala za daftari lazima zihifadhiwe mbali na ofisi, na zijaribiwe kama zasomeka.

Kazi hiyo leo yafanywa na kijana mmoja tu. Akiugua, ama akipata kazi mjini, nani atashika ufunguo? Kwa hiyo twauomba mkutano huu ukubali kwamba sehemu ya fedha tusiyoilipa kwa leseni iwafundishe vijana wawili zaidi, watoto wa wanachama, na inunue vyombo vya kuhifadhia nakala.

Tuliungana ili tusipimiwe kwa mzani wa mtu mwingine. Na daftari hii tuitunze wenyewe.

Ushirika udumu.