Ruta Inayochelewa kwa Vipindi: Saa Iwe Shahidi wa Kwanza

Mteja wa Likasi anapiga simu kwa WhatsApp. Sauti ni safi, kisha inakatika, inarudi, na baada ya muda uleule inakatika tena. Fundi akiitwa, anazima ruta na kuiwasha. Mada hii inawaomba mafundi wa Haut-Katanga waiache tabia hiyo, kwa sababu inafuta ushahidi.

Kwanza umbali uondolewe kwenye orodha ya washukiwa. Kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba hupita kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi huchukua milisekunde 14 au zaidi kidogo, na nyaya zikizunguka muda huongezeka. Lakini umbali hauji na kuondoka. Ucheleweshaji unaorudi kwa vipindi una chombo kinachohesabu saa nyuma yake.

Mwaka 1992, watafiti Sally Floyd na Van Jacobson walichunguza pakiti 1,000 za ping zilizotumwa kutoka Berkeley hadi MIT, Marekani, takriban moja kila sekunde. Angalau asilimia 3 zilipotea, na upotevu ulijirudia kila sekunde 90. Ruta za njiani zilikuwa zikipeana taarifa za njia kila baada ya muda huo, na zikiwa kwenye kazi hiyo zilishindwa kupitisha pakiti. Dawa ilikuwa kubadili programu ya ruta. Kuziwasha upya kusingesaidia kitu.

Vipindi vingine vinafahamika. Starlink, iliyopewa leseni nchini Kongo Mei 2025, hupanga upya njia za setilaiti zake kila sekunde 15, na muda wa ping unaweza kuruka hapo. Katika baadhi ya ruta kubwa, ukaguzi wa njia za BGP hufanyika kila sekunde 60. Simu na kompyuta nazo huacha kazi kidogo zikitafuta mawimbi mengine ya Wi-Fi.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Kompyuta iunganishwe kwa waya, kisha ping mbili ziendeshwe pamoja kwa nusu saa, zikiandika saa: moja kwa ruta, nyingine kwa mashine iliyo mbele yake. Ruta ikichelewa peke yake huku mashine ya mbele ikijibu vizuri, hakuna hitilafu: ruta nyingi huweka kujibu ping nyuma ya kazi nyingine. Zikipanda zote pale mtu anapopakia video, foleni imejaa ndani ya ruta. Hapo kasi ipunguzwe hadi asilimia 90 ya uwezo wa laini na FQ-CoDel, njia ya kupanga foleni, iwashwe. Ruta ya MikroTik yenye RouterOS 7 inayo.

Kila fundi aanze kuweka daftari la saa na milisekunde, na kampuni ya intaneti ipelekewe daftari hilo pamoja na malalamiko.