Kukata Mbao kwa Kukingama: Pembe Mraba na Vidole Kumi

Mada kwa semina ya mafundi seremala, Ansab, Maskati



Msumeno wa meza ya kuteleza tunaoutumia katika karakana za hapa Ansab na Ghala jirani yetu unatokana na wazo la Mjerumani Wilhelm Altendorf, la mwaka 1906: mbao ilale juu ya meza, na meza ndiyo iipeleke kwenye meno. Hoja yangu ni moja. Unapokata kwa kukingama, mbao iongozwe na fensi moja tu, ile iliyofungwa kwenye meza inayoteleza.

Tabia mbaya tunaijua sote. Fundi anataka vipande kumi vya urefu mmoja, basi anaitumia fensi ya kupasulia kama kizuizi cha kipimo. Mbao ikishakatika, kipande kinabaki kimebanwa kati ya fensi na bledi, hakina pa kwenda. Kikipinda kidogo tu, meno ya nyuma, yale yanayopanda juu, yanakinyanyua na kukirusha kwako. Bledi ya milimita 300 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno yake hukimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Hata kisiporuka, kipande kilichosukumwa na fensi mbili zisizokubaliana hutoka na pembe ya uongo. Dawa ni rahisi: tumia kizuizi cha kukunja kilicho kwenye fensi ya kukingama. Ukilazimika kupimia ile ya kupasulia, irudishe nyuma hadi ncha yake iishie kabla ya bledi, ili kipande kikikatika kiwe huru. Kisu cha nyuma ya bledi kisiondolewe.

Sasa, hiyo fensi moja ni mraba kweli? Goniya ya mkononi haitoshi. Chukua kipande cha MDF, ukate pande zake nne kwa zamu, kila mara upande uliotoka kukatwa ukiegemezwa kwenye fensi. Mkato wa tano utoe ukanda mwembamba kwenye upande wa kwanza. Pima upana wa ukanda huo kwa kalipa, ncha zote mbili. Ukiwa na urefu wa milimita 600, ncha moja ikasoma 25.8 na nyingine 25.4, tofauti ni 0.4. Igawe kwa nne: fensi imepotoka 0.1 kwa kila milimita 600. Uzuri wa njia hii ni kwamba kosa linakuzwa mara nne, halina pa kujificha.

Kabla ya kugusa skrubu, piga brashi. Kwa vumbi la mji huu, chembe moja ya unga wa mbao kwenye fensi inatosha kuharibu hesabu yote, na nimeona watu wakirekebisha mashine nzima kwa sababu ya uchafu.

Glovu zivuliwe, maana bledi hudaka kitambaa na mkono hufuata. Kipande kifupi kibanwe kwa klampu. Mabaki yasiokotwe mpaka bledi isimame kabisa.

Baada ya chai twende mashineni. Kila kundi litapewa kipande cha MDF, na kundi ambalo tofauti ya ukanda wake itazidi 0.2 litarudia kabla ya chakula cha mchana.