Kompyuta ya Kikundi Ikiwa Pole, Chomoa Kwanza

(Mazungumzo yetu na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya Kisii na Nyamira)

 

Zamani mali ya kikundi ilikuwa daftari moja na sanduku la kufuli tatu. Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta ya mitumba. Ndani yake mna hisa, mikopo na faini za kila mwanachama. Ikianza kuwa pole, si mashine tu inayochelewa. Watu wanaanza kutazamana vibaya.

Hayo tuliyaona katika kikundi kimoja cha akina mama upande wa Nyamira. Kompyuta yao ilichukua robo saa kuwaka. Siku ya kugawana hisa, watu walikaa mpaka jua likatua bila kusomewa hesabu. Katibu alikuwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, na maneno yakaanza chini chini: "Kila tukiuliza pesa, ati kompyuta iko pole. Anaficha nini?" Fundi mmoja akawaambia mashine imezeeka, wanunue nyingine. Pesa za kununulia zingetoka wapi? Zingetoka katika mfuko wa mikopo ya karo ya Januari.

Na sisi tulikosea. Tuliwashauri waongeze kumbukumbu ya kompyuta. Wakalipa, na hakuna kilichobadilika. Ndipo siku moja tukachomoa kila kitu kilichounganishwa kwa nje: printa, kipanya, fleshi mbili na diski ya nje. Tukawasha. Ikawaka kwa dakika mbili! Tukarudisha kimoja kimoja. Tuliporudisha ile diski ya nje, uzito ukarudi palepale.

Kwa nini kitu cha nje kichelewesha mashine nzima? Fikirini kituo cha kununulia majani chai. Karani ni mmoja na mizani ni moja. Akija mkulima ambaye mfuko wake umetoboka, karani anapima, majani yanamwagika, anapima tena. Foleni yote inasimama, hata wenye mifuko mizuri. Kompyuta nayo ikiomba kitu kwa diski mbovu, na diski isijibu, inangoja na kuomba tena na tena. Wewe kwenye kiti unaona imekwama tu.

Sasa sikizeni hatua, mziandike:

1. Chukueni saa. Pimeni dakika tangu kuwasha mpaka daftari la hisa lifunguke. Andikeni.

2. Hifadhini kazi, ondoeni fleshi na diski kwa njia salama, zimeni kompyuta. Chomoeni vyote vya nje. Kama ni ya mezani, bakisheni skrini, kibodi na kipanya.

3. Washeni, pimeni tena. Ikiwa nyepesi, mkosaji ni mmoja wa mlivyochomoa.

4. Rudisheni kimoja, pimeni, ndipo cha pili. Msirudishe viwili pamoja, hamtajua ni kipi.

5. Mkimpata, mjaribuni kwa waya mwingine na tundu lingine kabla ya kumhukumu. Mara nyingine kosa ni la waya.

Wakosaji tunaowaona sana ni hawa. Kwanza, fleshi iliyoachwa ndani wakati wa kuwasha. Kompyuta nyingine hutafuta mfumo wa kuwakia ndani yake kwanza. Fleshi pia hubeba virusi. Virusi vya Conficker vilivyotokea mwaka 2008 vilienea hata kwa njia hiyo. Fleshi ikitoka saiba, ikaguliwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi.

Pili, kile kijisanduku cha kugawa tundu moja la USB kuwa manne. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa umeme wa miliampia 500 tu. Mkipachika diski na modemu hapo, wanagombania umeme huo mmoja, na diski inaweza kukatika na kurudi.

Tatu, printa iliyowekwa kuwa ya kawaida lakini haipo tena. Programu ya hesabu kama Excel huiuliza printa habari za karatasi, na isipojibiwa inaweza kukawia. Chagueni printa nyingine.

Nne, chaja. Wengi hawaihesabu, lakini nayo ni kitu cha nje. Baadhi ya laptopu zisipoitambua chaja hupunguza mwendo zenyewe. Azimeni chaja ya asili ya aina hiyo hiyo, mlinganishe.

Mkichomoa vyote na bado mashine ni nzito, basi ugonjwa uko ndani: diski imejaa, virusi, au vumbi limeziba feni. Hapo nendeni kwa fundi, mkiwa na karatasi yenu ya dakika. Fundi akiona mmepima, atawajibu kama watu wanaojua.

Tumalize na wale akina mama. Katika ile diski iliyokuwa ikifa ndimo hesabu zao zote za miaka mingi zilikuwamo, na hapakuwa na nakala nyingine. Hatukujaribu kuitengeneza kwanza. Tulinakili hesabu hizo usiku ule ule, polepole, faili baada ya faili. Kama wangenunua kompyuta mpya, wangechomeka diski ile ile, mpya nayo ingekuwa pole, na hesabu zingepotea pamoja na pesa za karo. Kwa hiyo, diski ya nje ikianza kukawia, hiyo ni kengele. Nakilini mara moja, na muwe na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti.

Mkutano uliofuata, katibu alisoma hesabu za kila mtu, jina kwa jina, kabla ya chai kuchemka. Mama mzee aliyekuwa amemshuku zaidi akasimama, akamwambia mbele ya wote, "Binti yetu, utusamehe." Kompyuta ni ile ile ya zamani. Wanaitumia mpaka leo.

 Maswali?