Matunda ya Bure Nayo Yana Daftari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi, Bungu)



Nimetakiwa niseme machache juu ya bustani ya chama: kiwanja chenye miembe, michungwa na mipera, ambamo mpita njia, mwanafunzi na mzee watachuma na kula bila malipo, na ndege na nyuki nao wapate makao.

Wako watakaouliza: wakulima wa korosho tuna haja gani na nyuki? Ndugu zangu, ua la mkorosho huhitaji wadudu wa kulibebea chavua. Tena majimoto, wale sisimizi wekundu washonao majani, huwawinda mbu wa mikorosho wanaonyonya machipukizi. Kweli humuuma mchumaji, lakini ni walinzi wasiodai mshahara, nao hupenda kukaa katika miembe na michungwa.

Wengine wanahofia ngedere na nguruwe mwitu. Hofu hiyo ni ya haki. Basi bustani isiachwe ikawa kichaka, wala isipakane na mashamba ya mihogo.

Lakini jambo zito ni hili. Kwa desturi yetu ya Pwani, ardhi yaweza kuwa ya mmoja na mti ukawa wa mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Mwanachama akipanda mwembe kiwanjani pasipo maandishi, miaka 20 baadaye wanawe watakuja kuudai, nao watakuwa na hoja. Hapo matunda ya bure yatazaa kesi.

Kwa hiyo nawaomba makatibu mambo manne:

1. Kiwanja kitolewe na Halmashauri ya Kijiji baada ya idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, kama itakavyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999.

2. Kila mti uandikwe kuwa mali ya chama, hata kama mche umetolewa na mwanachama.

3. Matunda yaliwe papo hapo. Anayejaza gunia akauze barabarani amewanyima wenzake.

4. Zamu za kupalilia na kuzuia moto ziandikwe kwa majina.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba mali ya bure imesamehewa.